Litengeneze Kama Lako

Ieleweke kwanza kwamba nilikuwa nyumbani kwa amri ya uongozi wa shule. Shule ya bweni ina kengele, kengele ina ulimi, na ulimi huo ulikutwa umevalishwa soksi asubuhi moja ambapo bweni zima la wasichana lililala mpaka jua likaingia madirishani. Uongozi uliitambua soksi. Nikaambiwa nirudi na mzazi. Baba alisema atakwenda akipata nafasi, kisha akahakikisha hapati nafasi, kwa kuwa aliona sufuria za Mama zingenifundisha mengi kuliko jiografia. Ndiyo maana niliyaona yote haya kwa macho yangu, kitambaa cha vyombo begani, kama mhudumu wa hoteli isiyo na wageni.

Baba alikuwa karani wa mahakama. Maisha yake yote ya kazi aliandika maneno ya watu kwa namna ambayo hawangeweza kuyakana baadaye. Yeye alistaafu, maneno hayakustaafu. Kwetu ukiomba nauli unaulizwa ni kwa madhumuni gani. Ukisema umechelewa kidogo, unatakiwa ufafanue "kidogo". Mama peke yake ndiye aliyekuwa na kibali cha kusema "niletee kile kitu" bila kukitaja kitu chenyewe.

Mtoto wa kiume wa karani huyu ni kaka yangu, ambaye mtaani wanamwita Mataa. Aliacha masomo ya uhasibu katikati akafungua kibanda nyuma ya wachomeleaji wa mageti. Hafungui injini, hagusi breki. Kazi yake ni mwanga wa ndani ya gari: anafungua dashibodi, anatoa balbu zilizochoka, anaweka taa ndogo mfano wa punje za mchele, anapitisha mikanda ya taa chini ya viti na kwenye milango, mpaka gari la mtu wa kawaida linakuwa mahali ambapo mtu anatamani foleni iendelee. Ana mkono mtulivu sana. Hapendi makelele ya rangi. Mteja akitaka zambarau, Kaka huvuta pumzi kama daktari anayejiandaa kutoa habari mbaya.

Wateja wenyewe walikuwa wachache, na sababu ilijulikana. Mtu akifika kibandani, kabla hata ya salamu kuisha, huuliza, "Ya kwako iko wapi tuione?" Kaka hakuwa na gari. Alikuwa na picha kwenye simu iliyopasuka kioo. Wateja walitazama picha, wakasema, "Safi sana, nitarudi," na kweli walirudi, ila kwa yule jamaa wa ng'ambo ya barabara, mwenye gari lake linalowaka kama banda la bahati nasibu.

Baba alikuwa na jina moja kwa kazi hiyo yote: vitaa. Wageni wakiuliza habari za kijana wake, alijibu, "Yupo. Anauza vitaa." Halafu alihamia kwa mkwewe, mume wa dada yetu mkubwa, anayefanya kazi kampuni ya bima, na hapo mazungumzo yalikolea.

Sasa gari la Baba, la kijivu, la tangu mimi sijazaliwa, lilikuwa limepofuka dashibodi. Balbu zilikufa moja moja mpaka mita ya mwendo ikawa giza tupu. Jioni moja walipokuwa wanatoka kumwona mgonjwa, Mama ndiye aliyemulika kwa simu njia nzima, akibadilisha mkono kila ulipomuuma, huku Baba akimwambia asitikisike.

Asubuhi iliyofuata Kaka alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anakunywa chai. Huja kula kwetu, ingawa Baba anaita hivyo "kupita". Baba alitoka na begi la safari.

"Taa za dashibodi zimekufa," alisema, akilitazama gari, si mtu.

"Nimeona, Baba."

"Unaweza kuzifufua?"

Kaka aliweka kikombe chini. Katika miaka yote ya vitaa, Baba hakuwahi kumwomba hata awashe kiberiti.

"Naweza."

"Nakwenda kwa dada yenu. Nikirudi Jumamosi nilikute tayari." Baba alitoa ufunguo mfukoni, akaushika kidogo, kisha akaunyoosha. "Litengeneze kama lako."

Akaondoka. Kaka alibaki ameukamata ufunguo ule kwa mikono miwili.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia nini?"

"Amesema gari yangu."

"Kwanza, mtukufu kaka, amesema lako, siyo yako. Ngeli zizingatiwe. Pili, amesema kama."

"Kama nini?"

"Kama. Kama lako. Kama ni kiunganishi cha—"

"Wewe endelea na sufuria zako. Soksi imekuharibu akili." Lakini alikuwa anacheka, na sikuwa nimemwona akicheka na meno yote kwa muda mrefu. "Sikiliza. Mzee hawezi kusema 'mwanangu, chukua gari'. Ulimi utamtoka. Kwa hiyo anasema hivyo. Ndiyo lugha yake."

Nilipaswa kumkumbusha kwamba lugha ya Baba haina kona za namna hiyo. Nilinyamaza, kwa sababu mimi pia nilitaka iwe hivyo. Ningepata mtu wa kunirudisha shule kwa gari lenye mwanga.

Jioni hiyo Kaka alirudi na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na taa alizokuwa akizichagua na kuziweka kando kwa gari lake la kwanza, lile ambalo hakuwa nalo. Zilikuwa zimefungwa kwa pamba kama mayai. Rangi yake ilikuwa buluu iliyokomaa, karibu na kijivu, ya kutuliza macho.

Alifanyia kazi uani kwetu, kwenye banda la mabati tunapolaza gari. Alibandua dashibodi kwa vijiti vya plastiki ili asikwaruze, akapanga skrubu kwenye sahani yangu ya uji kwa mpangilio wa zilikotoka, na nilipojaribu kuzichanganya kwa ajili ya elimu ya umma, alinipiga kibao cha mkono bila hata kugeuka. Kabla ya kung'oa mishale ya mita alibandika vipande vya karatasi ya gundi kuonyesha kila mshale ulipolalia. "Ukiurudisha umepinda kidogo tu," alisema, "mtu ataamini ana mafuta kumbe hana."

Alinieleza pia kwamba taa hizi, tofauti na balbu, zina mbele na nyuma. Ukiichomeka kinyume haiungui wala haipigi kelele. Inakataa tu kuwaka.

"Kama Baba," nilisema.

"Baba amewaka wiki hii," alijibu. "Usimzime."

Taa za onyo aliziacha nyekundu, kwa sababu onyo la buluu ni pambo. Ile ya betri aliirudishia balbu ya zamani, akaniambia mashine inayochaji betri huamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo, na kwamba jamaa wa ng'ambo hajui hilo na ndiyo sababu wateja wake husukuma magari. Alipitisha waya chini ya zulia, akafunga fyuzi, akachoma lehemu kila kiungo na kukifunika. Mkanda mmoja chini ya dashibodi umulike miguu. Mwingine mwembamba kwenye kila mlango. Mlango ukifunguliwa, mwanga uje polepole, usimrukie mtu.

Siku ya kujaribu jua lilikuwa kali, na banda letu lina matundu. Kaka akachukua blanketi la Mama, tukalifunika gari kuanzia kioo cha mbele hadi nyuma, tukatengeneza usiku wetu wa bei nafuu. Mama aliitwa akaja akilalamika kuhusu blanketi. Aliingia akakaa kiti cha dereva. Kaka akageuza ufunguo.

Mita ziliibuka zenyewe gizani, namba kwa namba. Kisha milango. Kisha miguu yetu, ambayo haikustahili.

Mama alisogea mbele kwenye kiti. Aliweka mikono kwenye usukani, akaigeuza geuza.

"Jamani," alisema. "Hata mikono yangu naiona mizuri."

Ijumaa Baba alipiga simu. Mama alisikiliza, akaitikia, akakata, akatuambia kwamba Jumamosi tupike cha kutosha, Baba anakuja na dada yetu na Shemeji. "Anasema kuna jambo la gari. Anataka watu wawepo, jambo lishuhudiwe."

Kaka alinitazama mimi. Jioni alikuja kuazima pasi, na nikamwona akinyoosha shati jeupe upande wa mbele, upande wa nyuma, hata kola kwa ndani. Nilimuuliza kama anaoa.

"Nyamaza, kichwa maji," alisema kwa upole.

Jumamosi walifika kwa teksi. Dada alishuka na keki, Shemeji akashuka na suti, Baba akashuka na uso wa mahakamani. Shemeji si mtu mbaya, na hili ndilo linaloniudhi. Ingekuwa rahisi zaidi angekuwa mbaya. Anasalimia watu wote, hata mimi mhalifu. Aliniuliza, "Shemeji, kengele haijambo?" na nikalazimika kumheshimu.

Tuliketi. Kabla ya chakula kugawiwa, Baba alisimama. Alikunja vidole mbele ya tumbo kama anavyofanya akitaka maneno yake yaandikwe.

"Nimewaita kwa jambo moja. Gari lile limenitumikia vizuri. Mimi sasa safari zangu ni chache. Nimefikiri, na nimeamua kulikabidhi kwa kijana wangu—"

Kaka aliinuka.

Hakuinuka sana. Makalio yaliachana na kiti tu, shati jeupe likanyooka, mkono mmoja tayari kifuani.

"—kwa kijana wangu huyu, mume wa binti yangu, ambaye amepandishwa cheo, na mtu wa cheo chake hawezi kufika kazini ameshuka kwenye pikipiki."

Kaka aliendelea kuinuka. Hakuwa na njia nyingine. Mtu akishaanza kusimama mbele ya watu ni lazima asimame kwa sababu fulani. Alifikia jagi la maji. Alimmiminia Mama, akammiminia Dada, akamzungukia Shemeji, akammiminia Baba ambaye glasi yake ilikuwa imejaa, na maji yakatembea mezani mpaka kwenye keki. Nilifuta kwa kitambaa changu. Sijawahi kufurahi hivyo kuwa na kitambaa.

"Hongera, Shemeji," Kaka alisema, na sauti ilimtoka vizuri kabisa.

"Asante sana, Shemeji. Kwa kweli sijui niseme nini."

"Usiseme," Baba alisema. "Twende ukalione." Kisha, kwa Kaka: "Mwonyeshe shemeji yako linavyofanya kazi."

Tulikwenda bandani wote. Blanketi lilikuwa bado pale. Kaka alilitandaza mwenyewe, akavuta pembe zake kwa uangalifu, akamfungulia Shemeji mlango. Mwanga ukaja polepole kama alivyoutaka. Shemeji aliingia, Dada akaingia upande wa pili. Baba aliinama dirishani. Kaka alionyesha swichi moja baada ya nyingine, kila moja na kazi yake, kama mtu anayesoma bidhaa za duka la mtu mwingine.

"Du," Shemeji alisema. Akageuza shingo huku na huku. "Du. Kazi hii." Kisha akakuna kidevu. "Shemeji, usinielewe vibaya. Zinaweza kutolewa?"

"Kutolewa?"

"Unajua bosi wangu mara nyingine nitampakia. Akiingia humu atadhani tunakwenda disko."

"Mimi naipenda hivi hivi," Dada alisema taratibu.

"Wewe huendi na bosi," mumewe alimjibu, pia taratibu.

Baba alinyooka. Alitoka chini ya blanketi akilikwepa kama utando wa buibui. "Mimi nilisema taa za dashibodi zimekufa," alimwambia Kaka. "Nilisema uzifufue. Nani alikuagiza mambo ya miguuni na milangoni?"

"Ulisema nilitengeneze kama langu, Baba."

"Ndiyo. Kama."

Kaka alimtazama.

"Kama," Baba alirudia, bila ukali wowote, na hapo ndipo ilipouma. "Kwa uangalifu ule ambao mtu angeuweka kwenye mali yake. Neno hilo nililiweka kwa makusudi, ili asiwepo wa kupotoka. Au ulielewa vipi?"

Swali liliachwa hewani, bandani, mbele ya Shemeji na suti yake. Kila mtu pale alikuwa ameshajua Kaka alielewa vipi. Baba pia alijua. Aliwatazama watu kizimbani maisha yake yote ya kazi. Alitaka tu itamkwe ndipo iingie kwenye kumbukumbu.

"Nilielewa hivyo hivyo," Kaka alisema. "Uangalifu."

Nimeshinda mabishano mengi ya sarufi maishani. Hayo ya "kama" nilitamani nishindwe.

"Basi zitoe," Baba alisema. "Rudisha balbu za kawaida. Wanaondoka nalo leo."

Wakaingia ndani kula.

Kaka alivua shati jeupe, akalitundika kwenye msumari, akaenda kwa miguu dukani akarudi na balbu kwenye kipande cha gazeti. Niliosha vyombo vichache kwa kasi isiyo ya kawaida nikamfuata. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari anavuta mkanda, inchi kwa inchi, akiipasha gundi joto kwa pumzi ili isiache alama kwenye plastiki.

"Ngoja nikwambie," nilimnong'oneza. "Tuache mmoja. Chini ya kiti cha bosi. Tuuunge na breki. Akikanyaga tu, makalio ya bosi yanawaka buluu."

"Hapana."

"Honi, basi. Kila akiwasha indiketa—"

"Nimesema hapana."

"Hatajua!"

"Atajua kuna kitu kibovu. Atampigia Baba. Baba atasema, si nilisema, anauza vitaa." Aliutoa uso chini ya dashibodi. Ulikuwa na vumbi, na mahali pawili chini ya macho vumbi lilikuwa limeoshwa. "Shika hapa. Usiuvute, uushike tu."

Niliushika. Hiyo ndiyo rekodi yangu: nilipewa nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, waya, zana, muda na adui aliyekaa anakula keki yenye maji, na sikufanya kitu.

Alirudisha kila kitu. Mishale aliilaza palepale kwenye alama zake. Skrubu zilirudi kila moja kwenye tundu lake. Matundu madogo aliyopitishia waya aliyaziba kwa plastiki ya rangi ileile ya kijivu, akayapitishia kidole, akayaziba tena. Ungeleta mkaguzi yeyote asingegundua kwamba mtu alikuwa amefikiria chochote ndani ya gari lile.

Walipotoka, Baba aliingia kiti cha dereva akageuza ufunguo. Mita ziliwaka rangi ya njano iliyofifia, kama mkojo wa mgonjwa. Alitazama. Akapangusa kioo cha mita kwa kidole gumba. Akapitisha kiganja chini ya dashibodi, akatazama mlango, akafungua, akafunga. Alikagua kwa muda mrefu, na nikaona kichwa chake kikianza kutikisika juu na chini, kitu ambacho sijawahi kukiona kikielekezwa upande wa Kaka.

"Safi," alisema. "Sasa hii ndiyo kazi."

Kaka alikuwa anakunja mikanda kuirudisha kwenye bati. Pamba zilikuwa zimechafuka, hazikufaa tena.

"Hiyo si kazi yangu, Baba," alisema. "Hiyo waliifanya kiwandani."

Baba aliifikiria kauli hiyo, kwa haki, kama anavyofikiria kila kauli.

"Basi waliifanya vizuri," alisema.

Akamkabidhi Shemeji ufunguo, akaanza kumweleza mambo ya oili.

Kaka alinawa mikono bombani, akaitazama, akanawa tena. Mama alitokea mlangoni na sahani iliyofunikwa, akamwita mwanawe, "Baba yangu, njoo ule, nimekuwekea," akaita tena. Kaka alichukua bati akaliweka kwapani. Alimwambia Mama kwamba ameshiba. Alikuwa hajala tangu asubuhi, na wote watatu tulijua.

Gari lilitoka kwa kurudi nyuma, Dada akipunga mkono dirishani, akiutazama mkono wake wa pili kwenye ile njano ya dashibodi. Kaka alisubiri lipite, kisha akatoka kwa miguu akielekea upande mwingine. Shati jeupe alikuwa amelisahau kwenye msumari.

Baba alikuja uani akatazama huku na kule.

"Nani ameacha geti wazi?" aliuliza.

Nikaenda kulifunga.